Mzee Majuto Asichekwe Bure

Jioni ya tarehe 8 Agosti, 2018, siku ambayo nchi nzima ilikuwa ikiadhimisha sikukuu ya wakulima, Mzee Amri Athumani alifariki dunia katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 70. Kwa jina hilo la kuzaliwa wengi hawakumjua. Lakini liliposemwa jina la King Majuto, hapakuwa na aliyeuliza ni nani. Wazee walishika vichwa, kina mama wakatikisa vichwa vyao, na watoto, ambao hawajui bado kufa ni nini, waliuliza kama babu yule hataonekana tena.

Leo twapenda kusema maneno machache juu ya namna tunavyomkumbuka mtu huyo, na twataka kuyaanzia mbali na mjini. Twataka kuyaanzia Mtae.

Mtae ni kijiji kilichokaa ukingoni kabisa mwa milima ya Usambara. Mtu akisogea hatua chache kutoka mlangoni kwake huiona mbuga ya Mkomazi imelala chini kama mkeka, na asubuhi aghalabu mawingu huwa chini ya miguu yake. Barabara itokayo Lushoto, ikipita Magamba na Lukozi, hupinda na kupinda hata ikaishia huko. Mabasi ya kuteremka huondoka alfajiri ya giza, abiria wamejifunika mablanketi kwa baridi. Watu wa huko ni wakulima wa viazi, kabichi na maharage. Wengi wao ni Washambaa, Waislamu na Walutheri wakiishi pamoja, na mambo mengi ya mjini huwafikia yakiwa yamekwisha poa. Lakini Mzee Majuto hakuwafikia amepoa. Alizaliwa Tanga mjini mwaka 1948, na Tanga ndio mji wa mkoa wao. Kiswahili alichokisema ndicho Kiswahili wanachokisikia wakishuka sokoni. Na yule mzee bahili, mwenye maneno mengi, apendaye vya watu na aogopaye kutoa vyake, ambaye yeye alimwigiza mara nyingi, hapana kijiji cha Usambara kisichokuwa na mmoja wa namna yake. Kwa hiyo walimcheka kama mtu amchekavyo jirani. Idadi kubwa ya mashabiki wake wa milimani hawakupata kumwona kwa macho yao hata siku moja, na hata hivyo alipokufa walifiwa.

Swali letu ni hili: walimwona wapi, na aliyewaonyesha alimpa mwenyewe nini?

Zamani sanaa ya vichekesho ilipanda milima kwa njia ya redio. Walio na umri mkubwa wanakumbuka Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania Dar es Salaam, jinsi watu walivyokusanyika nyumbani kwa mwenye redio, na asiye na redio hakuona haya kubisha hodi. Redio ile ilikuwa ya umma, na kicheko kilichotoka humo kilikuwa cha wote. Kisha ikaja video. Mahali palipokuwa hapana umeme mtu alinunua jenereta, akaweka televisheni katika banda la mabati, akatoza kiingilio kidogo, na kijiji kikapata sinema. Baadaye kanda zikaondoka, zikaja sahani. Sahani nazo zikaanza kuondoka, na siku hizi kijana hupeleka simu yake kwa mwenye kompyuta, akajaziwa picha kumi kwa fedha isiyotosha kununua hata kilo ya sukari. Tena tusisahau basi. Basi litokalo milimani kwenda Tanga au Dar es Salaam huwa na kioo chake cha kuonyeshea picha mbele, juu ya kichwa cha dereva, na katika safari ndefu hapana kilichopunguza uchovu wa abiria kuliko Mzee Majuto. Twaamini wako watu wa Mtae ambao wameiona michezo yake mingi zaidi barabarani kuliko nyumbani.

Katika njia hizo zote, tangu banda mpaka simu, fedha ilitoka mfukoni mwa shabiki. Shabiki hakucheka bure. Alilipa kiingilio, alilipa nauli, alilipa mwenye kompyuta. Ni nadra sana fedha hiyo kuteremka mlima kumfuata aliyechekesha.

Lakini kabla ya kuingia katika habari ya fedha ni lazima tueleze alikuwa fundi wa kazi gani, maana wako wanaodhani kuchekesha ni kipawa tu cha kuzaliwa nacho, kama urefu au sauti nzuri, na kwa hiyo hakidai ujira. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Amri Athumani alianza kuigiza mwaka 1958, angali mtoto. Hesabu mwenyewe, msomaji: mpaka kufa kwake ni miaka 60 ya kazi moja. Sinema hizi za Kiswahili za kuuzwa madukani zimekuja juzi tu. Picha ya Girlfriend, ambayo wengi huihesabu kuwa ndiyo iliyofungua biashara hiyo, ilitoka mwaka 2003. Wakati huo Mzee Majuto alikuwa amekwisha kusimama mbele ya watu kwa muda wa miaka 45. Vijana waliomkuta katika kamera walimkuta ameiva.

Tena sanaa yenyewe ya vichekesho vyetu haifanani na tamthilia ya kitabuni. Katika vichekesho aghalabu hapana karatasi. Wachezaji hukaa wakakubaliana juu ya kisa: mzee atakwenda kuposa, atamkuta mwanawe naye ameposa hapohapo. Basi. Maneno yote yanayobaki, mipigo yote ya ulimi, wakati wa kunyamaza na wakati wa kugeuka kumtazama mwenzio kama asiyeamini alichosikia, hutungwa palepale jukwaani, kwa kusikiliza watu wanacheka wapi. Mzee Majuto alikuwa bingwa wa hapo. Aliweza kulichukua neno la kawaida, "hodi" mathalani, akalirudia mara tatu kwa sauti tatu, na ya tatu ikavunja mbavu za watu. Neno hilo halikuandikwa na mtu mwingine akapewa alisome. Alilitunga yeye.

Hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame nasi kidogo. Mtu atungaye maneno yake mwenyewe mbele ya kamera ni mwigizaji, naam, lakini zaidi ya hayo ni mtunzi. Na nchi yetu haijamtazama mchekeshaji kwa jicho hilo. Tunamtazama kama kibarua aliyekuja kwa siku mbili, akasimama pale alipoambiwa asimame, akapewa posho yake akaenda zake.

Mkoa wa Tanga una mfano mwingine wa mtunzi, na kuulinganisha hakutamshushia heshima yeyote. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani mwaka 1909, akafa mwaka 1962. Alipata taabu nyingi na wachapaji wa vitabu, jambo linalojulikana, lakini kazi yake ilikuwa imekwisha andikwa. Leo mtoto wa shule ya sekondari, awe Lushoto au Songea, anaweza kuomba kitabu chake maktaba akakisoma. Majuto naye alifanya kazi ya Kiswahili kwa miaka mingi zaidi kuliko Shaaban Robert, na huenda amesikiwa na watu wengi zaidi. Wala hatusemi kwamba kichekesho na utenzi ni kitu kimoja. Twasema tu kwamba mmoja alitumia kalamu na mwingine alitumia mdomo, na mdomo ukifumbwa hapana kinachobaki ila kile ambacho mtu mwingine alikinasa. Michezo yote aliyoicheza jukwaani tangu mwaka 1958 mpaka zilipoingia kamera za video, iko wapi? Imo vichwani mwa wazee wa Tanga, nao wanaondoka mmoja mmoja.

Milima hii ya Usambara ingefaa kuwa ya kwanza kulielewa jambo hilo, kwa sababu limekwisha kuipata. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri, upande wa Korogwe, palikuwa na kambi ya kutengeneza sinema. Wakuu wake walikuwa Waingereza wawili, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, na fedha nyingi zilitoka kwa shirika la Carnegie la New York. Walitengeneza picha zaidi ya 30 kwa ajili ya kuwafunza Waafrika habari za kodi, za kuweka akiba posta, za safura, na mengine ya namna hiyo. Maneno yalitiwa katika santuri, na lori likazungusha picha hizo katika Tanganyika, Kenya, Uganda na mpaka nchi za kusini. Mafundisho yenyewe hayatushughulishi leo. Mengi yalikuwa ya kumwambia mtu mzima namna ya kuishi kana kwamba ni mtoto. Linalotushughulisha ni kwamba walioigiza walikuwa watu weusi wa nchi hii. Watu hao walisimama mbele ya kamera miaka zaidi ya ishirini kabla Majuto hajapanda jukwaani. Nani katika Lushoto au Korogwe leo aweza kumtaja hata mmoja wao kwa jina? Picha zilizosalia ni chache mno, nazo zimehifadhiwa Uingereza. Jina la Notcutt limo vitabuni. Waliochekwa na kushangiliwa na watazamaji usiku, taa ya lori ikiwaka, hawamo.

Basi tusidhani kwamba sifa za leo zatosha kumlinda mtu asisahauliwe.

Sifa tunazijua kuzitoa. Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili, 2012, kijana wa miaka 28, Dar es Salaam ilisimama. Siku ya kuzikwa kwake, tarehe 10, watu walikwenda kwa maelfu, wakafurika mpaka makaburi ya Kinondoni, na wengine walizimia kwa kilio na kwa jua. Mwaka huohuo, tarehe 26 Novemba, Tanga yenyewe ilifiwa na Hussein Ramadhani, yule Sharo Milionea, mwana wa Muheza, aliyecheza vichekesho vingi pamoja na Mzee Majuto, kijana akiringa kwa mavazi na mzee akimshangaa. Alikufa kwa ajali ya gari akiwa njiani kwenda nyumbani kwao. Magazeti ya siku zile yaliandika jambo ambalo tungependa lisingekuwa kweli, kwamba baada ya ajali watu walimpora vitu vyake pale barabarani. Na kesho yake umati mkubwa ukamlilia kwa machozi ya kweli. Hatutaki kuwasema watu wa Muheza, maana wezi wa barabarani wako kila wilaya. Lakini habari ile imetukaa rohoni kwa sababu inafanana mno na jinsi tunavyowatendea waigizaji wetu wakati wote: mkono mmoja unafuta machozi, na mkono wa pili umo mfukoni mwa marehemu.

Mzee Majuto mwenyewe hakufa ghafula. Aliugua kwa muda, akapelekwa India kutibiwa, akarudi, akaugua tena. Katika miezi hiyo ndipo nchi iliposikia kwa uwazi habari ya mikataba yake. Mtu ambaye sura yake ilikuwa katika mabango na katika matangazo ya biashara, ambaye sauti yake ilitumika kuuza bidhaa asizozila wala kuzivaa, alionekana hana fedha za kumtosha kitandani. Waziri aliyeshughulikia sanaa wakati ule, Dakta Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kuitazama mikataba ya wasanii. Kitendo hicho kilikuwa kizuri. Twasikitika tu kwamba ilipasa mzee wa miaka 70 alale hospitalini ndipo pawepo wa kuisoma karatasi aliyotia sahihi.

Hebu tueleze namna biashara hiyo ilivyokuwa ikienda, maana mashabiki wengi hawaijui. Mtengeneza picha alikopa fedha hapa na pale, akawaita waigizaji, akawalipa kila mmoja malipo ya mara moja. Picha ilipokwisha, aghalabu aliiuza kwa msambazaji kwa bei moja, haki zote zikaenda pamoja nayo. Tangu siku hiyo picha ikiuzwa nakala mia au nakala laki, mwigizaji hahusiki. Msambazaji naye alijitetea kwamba hawezi kulipa zaidi kwa sababu wezi wa nakala huitoa picha mitaani kabla yeye hajaifikisha mikoani. Serikali ikaanzisha stempu za kodi juu ya sahani za muziki na filamu mwaka 2013, ili halali itengwe na haramu. Lakini haikuchukua miaka mingi sahani zenyewe zikaanza kukimbiwa na wanunuzi, na stempu haibandikwi juu ya simu. Kwa hiyo kila mmoja katika mnyororo huo ana wa kumnyoshea kidole, na kidole cha mwisho humwelekea shabiki.

Sisi hatukubali kwamba shabiki wa Mtae ndiye mkosaji wa kwanza. Atainunua wapi sahani halali? Duka la kuiuza halikupata kufunguliwa huko. Msambazaji aliona kijiji kiko mbali, barabara mbaya, watu wachache, akakiacha. Mwenye banda akaona palepale riziki yake. Mkulima aliyetoa sarafu zake mlangoni mwa banda alitoa kwa moyo safi, akiamini kwamba amelipia alichokitazama. Kumwita mtu huyo mwizi ni kumwonea. Tena tusimsahau mwenye banda, kwa kuwa yeye ndiye aliyebeba jenereta mpaka kule juu, na lau si yeye, Majuto asingejulikana milimani. Mtu huyo anastahili kuwekewa utaratibu wa kulipa kidogo anachoweza kulipa, kwa mwaka au kwa mwezi, katika ofisi iliyo karibu naye, bila kufukuzwa kama mhalifu. Sheria yataka kibali kwa kila aonyeshaye kazi ya mtu hadharani kwa biashara. Lakini kibali kinachopatikana Dar es Salaam tu, kwa mtu wa Mtae ni hadithi.

Mwenye basi, hapo, hana udhuru huo. Gari lake hulala mjini, makaratasi yake yote hukaguliwa mjini, bima yake hulipwa mjini. Kama anaweza kulipia tairi aweza kulipia kicheko.

Wako wazee wetu, wa msikitini na wa kanisani, ambao wameleta neno jingine, nalo lataka kujibiwa kwa adabu. Wanasema kwamba marehemu haombewi kwa vichekesho. Kwamba mtu akiisha kufa afadhali asomewe dua, na picha zake za mizaha zifungwe, asije akaendelea kuonekana akicheza hali yuko kaburini. Twaiheshimu fikra hiyo. Wanaomtakia dua waendelee, na Mwenyezi Mungu aipokee. Hata hivyo twaona kwamba kazi ya halali ya mtu haigeuki kuwa aibu kwa sababu amekufa. Seremala akifa hatuvichomi viti vyake. Na mzee bahili, mzee mkware, mzee mlaghai, hao wote ambao Majuto aliwavaa kama kanzu, mwisho wa mchezo waliumbuka. Mtazamaji aliyekuwa na tabia hiyo alicheka pamoja na wenzake huku moyoni akijijua.

Wengine husema kwa urahisi zaidi: amekwisha kufa, fedha atazifanyia nini? Hao wanasahau kwamba marehemu huacha nyumba. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haikuwasahau. Yasema haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo kile alichokitunga Mzee Majuto, kama hakuuza haki yake, kina mwenyewe mpaka mwaka 2068. Na hapa ndipo lile neno tulilolisema juu, kwamba mchekeshaji ni mtunzi, linapopata uzito. Akihesabiwa kuwa mwigizaji wa kukodiwa tu, hadai kitu zaidi ya posho aliyokwisha pokea. Akihesabiwa kuwa mtunzi wa maneno yaliyomo, mkataba hauna budi kulitaja hilo na kulilipia, yeye akiwa hai na warithi wake akiwa hayupo. Wanasheria watabishana juu ya mipaka yake, nao ni haki yao kubishana. Sisi twataka wachekeshaji wanaochipukia leo Tanga na kwingineko walijue neno hilo kabla ya kushika kalamu ya kutia sahihi, na asiyejua kusoma lugha ya mkataba adai aandikiwe kwa Kiswahili. Ni ajabu kuu kwamba mtu aliyetajirisha Kiswahili aweza kuletewa mkataba wa Kiingereza.

Siku hizi kumbukumbu ya Mzee Majuto imo hasa katika simu. Kijana wa Mtae, akichunga mbuzi ukingoni mwa jabali, hutoa simu yake akamtazama kwa dakika mbili, akacheka peke yake, akamtumia mwenzake aliye Arusha. Vipande hivyo vimekatwakatwa na watu wasiojulikana. Mwanzo wake haupo, mwisho wake haupo, jina la mchezo halipo, na mara nyingine sauti yake imeondolewa ikatiwa nyingine. Watoto waliozaliwa baada ya mwaka 2018 watamjua kama uso wa kuchekesha usio na kisa. Hatuwezi kuwazuia vijana wasicheke, wala hatutaki. Lakini twaona uchungu kwamba mtu aliyejua kupandisha kisa polepole kwa saa nzima, mpaka watu wakashika mbavu, amesaliwa na dakika mbili za mwisho.

Ndiyo maana twasema kwamba jambo la haraka kuliko yote ni kukusanya kazi zake zilizo kamili. Kitabu kikichapishwa nchini, sheria yataka nakala iwekwe Maktaba ya Taifa. Filamu nayo hupita mikononi mwa Bodi ya Filamu kwa sheria ya mwaka 1976, ikakaguliwa kama ina matusi au haina. Je, ni gharama gani ikiwa kila picha inayokaguliwa itaachwa nakala moja ikahifadhiwa kwa vizazi, na mtu wa kuchungua au mwanafunzi akaruhusiwa kuitazama? Na kwa picha za zamani, Mkoa wa Tanga usingoje kuagizwa. Chumba kimoja katika maktaba ya mkoa, chenye mtu mmoja anayeijua kazi, mashine ya kunakili, na daftari la kuandika mchezo uliitwaje, ulichezwa na nani, mwaka gani, kwanza chatosha. Chumba hicho kitunze Majuto, kimtunze Sharo Milionea, na kiwaite wazee waliomwona jukwaani ujanani mwake waje wasimulie mbele ya kinasa sauti, maana hao ndio kanda pekee ya miaka ile.

Katika kazi hiyo Mtae yaweza kuwa na fungu lake. Mambo yanayotupwa mjini hudumu milimani. Nyumba nyingi za Lushoto, Mlalo na Mtae bado zina sanduku lenye kanda za video ambazo hakuna tena wa kuzicheza. Humo huenda mna michezo ambayo hata waliouza hawana nakala yake. Wenye masanduku hayo twawaomba wasizichome wala wasiwape watoto wachezee utepe. Ukungu wa milimani ni adui wa kanda. Huota uyoga mweupe juu ya utepe, na kanda iliyoota haifai kutiwa katika mashine kabla ya kusafishwa na mtu ajuaye. Ziwekwe mahali pakavu, zisimamishwe kama vitabu, mbali na moshi wa jikoni, na kila moja iandikwe ilinunuliwa lini na wapi, kama mwenyewe akumbuka. Kiwanda cha mwisho duniani kilichokuwa kikitengeneza mashine za kuchezea kanda hizo, huko Japani, kiliacha mwaka 2016. Mashine zilizopo ni hizi zilizobaki majumbani, na fundi wa redio wa Lukozi au Lushoto aliyewahi kuzifungua na kuzifunga ndiye mtu wa kwanza ambaye maofisa wa utamaduni wa wilaya wangepaswa kumtembelea wiki hii.